Metali Yenye Madoadoa Ndiyo Metali Yetu

Wasee, leo sibembelezi mtu. Kuna sentensi moja nimeichoka: "Hiyo metali ni muziki wa wazungu, wewe mtoto wa Turbo inakuhusu nini?" Naiskia kwa steji ya boda, naiskia kwa komenti, naiskia hata nyumbani wakati wa chai. Na aliyeisema, dakika mbili baadaye, anaongeza sauti ya redio kwa sababu Franco ameanza kuimba. Haoni shida yoyote. Mimi naiona, na leo tutaiongea mpaka iishe.

Ushahidi wangu wa kwanza ni albamu ambayo wengi wenu hamjawahi kuiskia. Inaitwa Revolution Revolución. Ni albamu ya kwanza ya Ill Niño, bendi ya New Jersey kule Marekani, na ilitoka 2001, kabla wengi wetu tuzaliwe. Hao jamaa ni hevi metali kabisa. Gita zimeshushwa chini hadi zinanguruma kama trela ya Malaba inayopanda mlima na mzigo wa saruji. Mpiga ngoma anakanyaga miguu yote miwili. Mwimbaji analia, ananong'ona, kisha anapasua koo. Mpaka hapo unaweza kusema sawa, hiyo ni metali kama ile nyingine.

Sasa skiza vizuri. Pembeni ya zile ngoma kubwa kuna mtu mwingine anapiga ngoma za mikono, zile ndefu za Kuba zinaitwa konga. Katikati ya wimbo kelele inakatika, inaingia gita ya kupigwa kwa vidole, ya Kihispania, pole pole, halafu bila onyo ukuta wa sauti unakuangukia tena. Maneno yanatoka Kiingereza, yanaingia Kihispania, yanarudi. Wengi wa hao vijana asili yao ni Amerika ya Kilatini. Hawakuacha ngoma za kwao mlangoni ndio waruhusiwe kupiga metali. Waliingia nazo. Na ndani ya hiyo albamu kuna wimbo unaitwa "Rumba".

Rumba. Hilo neno unalijua. Babako analijua. DJ wa kila matanga analijua.

Sasa tuulizane, hiyo rumba ni ya nani? Kwa karne kadhaa watu walitekwa Afrika wakapelekwa Kuba kulima miwa, na wengi walitoka upande wa Kongo. Utumwa Kuba uliisha 1886, juzi tu ukipima kwa umri wa mababu. Wale watu hawakubeba sanduku wala kitabu. Walibeba midundo kichwani. Hata neno "ngoma" lilivuka bahari nao, na kule Kuba kwa watu wenye asili ya Kongo bado ni ngoma. Midundo hiyo ikakutana na muziki wa Wahispania, na humo ndimo zikazaliwa rumba na son.

Halafu ikarudi. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inauza santuri Afrika kwenye mfululizo ulioitwa GV, na nyingi zilikuwa nyimbo za Kuba. Watu wa Léopoldville na Brazzaville wakaziskia, wakasema ngoja, hii kitu tunaijua. Wakaipiga kwa Kilingala. Tanganyika nao hawakulala: Morogoro, Salum Abdallah akaunda bendi na kuiita Cuban Marimba Band, miaka ya hamsini hiyo, anaimba Kiswahili kitamu juu ya midundo ya Kuba. Hakuna aliyemwambia "Salum, hiyo ni ya wageni." Watu walicheza. Na Desemba 2021 UNESCO ikaiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Rumba ya Kuba ilikuwa imeandikwa tayari, 2016.

Ukitaka kuiskia safari yote mwenyewe, piga meza hivi: ko... ko... ko, kimya kidogo, ko-ko. Tatu zenye nafasi, halafu mbili za karibu. Wakuba wanauita klave, na ndio uti wa mgongo wa muziki wao. Sasa weka rumba yoyote ya zamani ya Kongo na uendelee kupiga meza. Mara nyingi utaona mkono wako unaingia wenyewe.

Kwa hivyo hesabu yangu ni rahisi. Mdundo ulitoka Afrika, ukaenda Kuba kwa minyororo, ukarudi Afrika kwa santuri na tukaupokea kama mtoto wetu. Mdundo huo huo ukapanda Marekani, ukakutana na gita zenye umeme, vijana wa New Jersey wakaupigia kelele. Ukisema safari ya kwanza ni urithi na ya pili ni uzungu, hujaskiza muziki. Umeangalia nguo nyeusi na nywele ndefu, basi.

Na hata huo umeme wenyewe, gita ya roki imetoka kwa bluzi, na bluzi ni ya Wamarekani weusi. Ukifuatilia metali nyuma mpaka mwisho wa kamba unafika kwa mtu mweusi ameshika gita. Lakini leo sina haja ya kufika huko. Klave inatosha.

Naskia wa pili ananyoosha mkono. Huyu ni wa kanisa. "Sisi shida yetu si uzungu, shida ni shetani." Sawa, shikamoo. Nchi hii tumeanza hiyo hofu zamani. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani Kenya, na ripoti yake ikafika bungeni 1999. Tume ya rais, wasee. Hivyo ukivaa fulana nyeusi ukashika gita, watu wazima wanakuangalia na kumbukumbu ya hayo mambo.

Lakini wimbo wa kwanza kabisa wa hiyo albamu ya Ill Niño unaitwa "God Save Us". Mungu tuokoe. Hiyo ni sala, ndugu yangu. Imepigwa kwa sauti kubwa tu. Na nikuulize wewe na kwaya yako: ile sehemu ya mwisho ya sifa, mpiga kinanda anapobadilisha mdundo, gita inaanza kuchokoza kule juu, kina mama wanatoa vitambaa na viti vinasogezwa, ile inaitwaje? Sebene. Sebene imetoka kwa rumba ya Kongo, rumba ya Kongo imeonja Kuba, na Kuba ngoma zilizoibeba zilipigwa kwa mizimu kabla zipigwe kwa Yesu. Hamjawahi kuikemea. Mlijua bila kufundishwa kwamba mdundo hauna dini, unaenda anakoelekeza moyo mwenye kuupiga. Basi nipeni na mimi huo ufahamu.

Sitaki mtu wa metali aanze kushangilia hapa, kwa sababu na nyinyi ninawajia. Kuna wale masharobaro wa kelele wanaosema Ill Niño si metali ya kweli, ati ni muziki wa watoto, ati metali safi haina konga. Metali safi! Mnajiskia? Mmetukanwa na nchi nzima ati hamko safi, halafu mmejenga lango lenu na kuweka askari wenu. Wengine wenu mnaimba na lafudhi ya Florida na hamjawahi hata kufika uwanja wa ndege wa Eldoret kusindikiza mtu. Mnaimba kuhusu theluji. Theluji, Uasin Gishu! Hapa baridi yetu ni ya Julai asubuhi, mahindi yakiwa na umande na jirani akiwa amewasha redio ya Kalenjin. Imba hiyo.

Nasema hivi kwa sababu bendi zilizochukua metali na kuipitisha kwao ndizo zinazokumbukwa. Sepultura wa Brazil walienda kurekodi na Waxavante, watu wa asili wa kule, na albamu yao Roots ya 1996 bado inaongelewa mpaka leo. Vijana wa Māori kule New Zealand, Alien Weaponry, walitoa albamu yao ya kwanza 2018 na wanaimba kwa lugha ya mababu zao. The Hu wa Mongolia wanakoroma kwa koo kama wachungaji wa kwao na wanapiga vinanda vya nyuzi vya farasi. Togo kuna Arka'n Asrafokor, Waafrika kama sisi, wanachanganya metali na midundo ya Kiewe. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba ruhusa.

Na sisi je? Sisi tuko na Duma. Kama humjui Duma, simama hapo kwanza. Ni watu wawili wa Nairobi, Martin Khanja anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Walikuwa kwenye bendi za metali za Nairobi, kisha wakaenda Kampala na kurekodi albamu yao ya kwanza, ikatoka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes. Inaitwa Duma, kama bendi yenyewe. Hawakuweka konga, usidanganyike. Waliweka mashine: ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko mguu wa binadamu, mivumo, milio kama kiwanda kinachobomoka, na juu yake sauti ya Spikeheart inayochana paa. Dunia ikageuka kuangalia. Wao wanasema hilo jina ni giza kwa Kikikuyu. Sisi tunaoongea Kiswahili tunaskia mnyama mwenye mbio na madoadoa. Yote mawili yanaingia.

Mwaka 2024 Spikeheart akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, na akaielekeza kwa nyanya mkuu wake, Muthoni wa Kirima, yule mpiganaji wa msituni wa Mau Mau aliyefika cheo cha Field Marshal na kufariki 2023. Sasa rudi na ile sentensi yako. Kelele za mjukuu wa Field Marshal wa msituni ni muziki wa wazungu? Mwambie yeye, si mimi.

Nimefika kwa neno ambalo nilitaka kufika. Madoadoa.

Kama umekulia Turbo au Burnt Forest au Langas, hilo neno halikuchekeshi. Ndilo neno wanasiasa walitumia kuita majirani wasio wa kabila la "wenye mahali". Ondoa madoadoa. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, maduka na nyumba za Turbo mjini zilichomwa. Nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki moshi. Lakini nimekua nikipita kwenye ploti ambazo watu wazima wanazitaja kwa jina la mtu asiyekuwepo. "Pale kwa nani." Huyo nani aliambiwa arudi kwao, na kwao palikuwa hapo hapo.

Mimi baba ni Mnandi, mama ametoka Shinyalu. Nikiambiwa "hii si yetu" kuhusu gita, masikio yangu yanaskia kitu kingine nyuma yake. Ni ile ile hesabu: kuna cha kwetu safi, na kuna cha kuja, na cha kuja kiondoke. Unaanza na muziki kwa sababu muziki haukatwi kichwa. Ukizoea kusema hivyo kwa wimbo, mdomo umeshajifunza, na siku ya kusemea mtu hautakuwa na kazi kubwa. Ndio maana hii mada si mchezo kwangu. Sijali kama unapenda metali au huipendi. Ikikuumiza kichwa zima, weka benga. Lakini usiniambie haiwezi kuwa yangu kwa sababu imetoka mbali. Mahindi yalitoka mbali, hayo hayo tunayoringa nayo Uasin Gishu: yalitoka Amerika. Chai ya Nandi Hills ilitoka mbali. Hata Kiswahili hiki ninachokutukania hakikuzaliwa Turbo.

Na mkisema Wakalenjin asili yao ni muziki safi usioguswa, naomba niwakumbushe Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kapkatet na mashine yake akarekodi nyimbo za Wakipsigis. Baadhi zilikuwa zinamwimba mtu wa ajabu anayeitwa Chemirocha. Ni nani? Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyekufa 1933. Santuri zake zilifika vijijini, watu wakamskia, wakampenda, wakalipinda jina mpaka likawa la Kikipsigis, wakamgeuza nusu mtu nusu paa, na wasichana wakamwimba kwa kinubi cha kwao. Waliskia kitu kutoka Mississippi na hawakuuliza kama kinaruhusiwa. Walikikalisha, wakakilisha, kikawa mtoto wa nyumba. Hao ndio mababu zangu. Nani kawaambia nyinyi walikuwa waoga?

Mtu ataniuliza, lakini kwa nini kelele, kwa nini hasira, si uchanganye kitu laini? Nitamjibu kwa tarehe moja: 25 Juni 2024. Vijana wa umri wangu walijaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Nairobi wakaingia Bunge, wengine wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Huyo Rais kwao ni Sugoi, eneo bunge letu la Turbo, kwa hivyo unaweza kufikiria nyumbani kwetu tulivyoongelea hiyo wiki. Kuna waliotaka tunyamaze kwa sababu ni mtu wetu. Tena hilo neno, wetu. Sasa niambie, hasira hiyo na huzuni hiyo unaiweka kwa mdundo gani? Mapenzi yana bongo fleva. Raha ina arbantone. Kwa huzuni yenye meno nahitaji gita iliyoshushwa na mtu anayepasua koo. Nikishapasua naweza kulala.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka tupige. Sisi ni wanne, tunafanya mazoezi nyuma ya posho mill, na tunasubiri mashine izimwe ndio tuanze, ingawa wateja wanasema hawaoni tofauti. Tulienda kwa ukumbi mmoja Eldoret kuomba Jumapili moja ya mchana, tena tuwalipe. Meneja akatuambia hapo wanataka muziki wa watu. Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, na jiji halina nafasi ya saa mbili kwa vijana wanne na gita. Sawa. Tutapiga uwanjani, tutapiga kwa harusi ya binamu kama atatuamini.

Na tukipiga, tutakuja na isukuti. Nimesema. Ngoma tatu za upande wa mama, kubwa, ya kati na ndogo, zile zinazopigwa harusini na matangani Kakamega. UNESCO iliiandika isukuti 2014 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, na mimi nawaambia hakuna dawa ya kuiokoa kama kuiweka mikononi mwa mtu wa miaka 17 aliye na hasira. Sikia ile ndogo inavyokimbia, halafu fikiria miguu miwili ya metali chini yake. Ill Niño walifanya na konga. Sisi tuna ngoma ambazo hata hazijapanda meli. Juu yake gita ya benga ile ya kuchokoza, ambayo Wajaluo waliianza na Wakalenjin tukaipenda mpaka tukasahau tuliipata wapi. Maneno Kiswahili, Kinandi, Kiluhya, na Kiingereza kikibaki na nafasi.

Itakuwa chafu? Itakuwa na madoadoa kuliko duma. Hiyo ndiyo maana yake.

Kwa hivyo, wewe wa "muziki wa wazungu", nakupa kazi ya usiku mmoja. Skiza rumba yoyote ya Kongo ya miaka ya hamsini. Baada yake weka huo wimbo wa "Rumba" wa Ill Niño. Halafu weka Duma, kwa sauti ya chini kama unaogopa mamako. Piga meza ile ko... ko... ko, ko-ko, uone inaingia wapi na inagoma wapi. Kesho njoo kwa komenti uniambie mpaka uko wapi, ule mstari ambapo yetu inaisha na yao inaanza. Uuchore vizuri, kwa rula. Mimi niko hapa Turbo, barabara kuu ya Malaba, nangoja.